Safari Hupangwa kwa Mwezi: Ufundi wa Manahodha wa Amu

Ukimwendea nahodha wa Amu, mji wa kisiwa cha Lamu, ukamwambia unataka kuzunguka visiwa, atakuuliza siku unazokusudia, kisha atanyamaza kidogo. Katika kimya hicho anahesabu. Anaichukua tarehe yako ya kalenda ya ukutani, anaigeuza kuwa tarehe ya mwezi mwandamo, na papo hapo anajua siku hiyo maji yatajaa saa ngapi, yatapwa saa ngapi, na njia ipi itapitika kwa chombo chake. Mgeni hudhani mzee anafikiria bei. Bei itakuja baadaye. Kwanza inapangwa njia, na kazi hiyo ya kupanga ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, kwa sababu wengi wanaofaidika nayo hawajui kwamba imefanyika.

Watu wengi siku hizi wanafikiria likizo yao ya kwanza ya visiwani. Huanza na hoteli, wakafuata na tiketi ya ndege, halafu wakagawa siku zilizobaki: leo kisiwa hiki, kesho kile. Karatasini mpango huo unapendeza. Visiwani hugongana na kitu ambacho hakikuulizwa ruhusa, nacho ni maji. Katika visiwa vya Lamu, ratiba nzuri ni ile iliyowapa kazi bahari, upepo na mwezi, msafiri akabaki na kazi ya kutazama na kula. Ratiba ya namna hiyo ina mafundi wake.

Visiwa vyenyewe vimepangana kuelekea kaskazini mashariki, sambamba na pwani ya bara. Cha kwanza ni Lamu, chenye mji wa Amu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ng'ambo ya mkondo mwembamba kuna Manda, penye kiwanja cha ndege, kwa hiyo hata aliyekuja kwa ndege hawezi kufika mjini bila kupanda chombo. Mbele ya Manda ni Pate, kisiwa kikubwa kuliko vyote, chenye miji ya Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Kisha kuna Ndau, na mwisho Kiwayu, kisiwa kirefu chembamba kilichomo katika Hifadhi ya Bahari ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979.

Upande wa nje wa visiwa hivi ni bahari kuu. Upande wa ndani, baina ya visiwa na bara, ni ulimwengu mwingine: vijito, mafungu ya mchanga, matope, na misitu ya mikoko ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Njia ya nje ina kina saa zote, lakini upepo wa kusi ukikaza mawimbi yake hayamfai mgeni. Njia ya ndani imetulia, ila sehemu zake nyingine zina kina kwa saa chache tu za siku. Nahodha akibeba watu wa safari ya kwanza huchagua ya ndani, na akishaichagua, mpango wote unategemea mahali pamoja: Mkanda, mkondo mwembamba unaotenganisha Manda na bara. Maji yakijaa, vyombo hupita. Yakipwa, Mkanda hubaki matope na kijito, na chombo kilichochelewa hupwelewa.

Hesabu ya maji ina kanuni chache, na uzuri wake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuzijifunza. Katika muda wa siku moja na usiku wake maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele, kwa wastani kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya hayo mawili katika pwani hii hupita mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana, na tofauti hushuka hadi kama mita moja. Kisha kuna jambo la nne, linalofanya hesabu hii ifanyike kichwani bila kitabu: katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mchanga maji hujaa karibu saa kumi za alasiri na saa kumi za alfajiri, na hupwa karibu saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa kati ya saa tatu na saa tano.

Sasa mtazame nahodha anavyozitumia. Wageni wanne wanataka kwenda Kiwayu, walale njiani, wakae siku mbili, warudi. Akiwatoa Amu siku ya mwezi kumi na tano, maji ya mchana yatajaa Mkanda karibu saa kumi. Watavuka jua likishuka na kufika Pate gizani, na gati lisilofahamika si mahali pa kumfikishia mgeni usiku. Akiwatoa siku ya mwezi nane, maji yatajaa asubuhi, saa nzuri kabisa, lakini ni maji mafu, hayana kimo, na chombo kilichopakia watu, mizigo na mitungi ya maji kinaweza kukwaruza tumbo. Basi anachagua mwezi kumi. Maji yameshaanza kupata nguvu, yanajaa karibu saa sita mchana, na watu wanaondoka Amu baada ya kifungua kinywa, bila haraka.

Hapo hajamaliza. Kurudi atarudi lini? Mwezi kumi na tatu maji yatajaa Mkanda karibu saa tisa alasiri. Anang'oa nanga Kiwayu alfajiri, ana saa za kutosha kuteremka, anaingia Mkanda maji yakiwa bado yanapanda, na kufika Amu kabla ya magharibi. Katikati yake, siku ya mwezi kumi na moja na ya kumi na mbili, maji hupwa asubuhi mapema, mwamba ukatokeza na wageni wakatembea wakitazama viumbe vya vidimbwini. Mchana hujaa, wakaogelea. Na jua likitua, mwezi uko juu tayari, mkubwa, unawaangazia wanaokula ufuoni bila taa. Mgeni atasimulia nyumbani kwamba walibahatika kupata mwezi. Ulichaguliwa wiki tatu kabla, na mtu aliyekuwa amekaa barazani akihesabu kwa vidole.

Ninachokihusudu katika hesabu hii ni kwamba uamuzi mmoja unajibu maswali matano: kina cha njia, saa ya kuondoka, mwanga wa kufikia, michezo ya mchana na mwanga wa usiku. Mpangaji asiyejua angeyashughulikia maswali hayo moja moja, na kila jibu lingeharibu jingine.

Juu ya maji kuna upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ukitoka upande ambao Kiwayu ipo. Kusi hushika kuanzia Aprili na kukaza katikati ya mwaka, ukisukuma kutoka kusini. Kati ya pepo hizi mbili kuna majuma ya upepo usio na msimamo, na Oktoba na Novemba huja matlai, upepo mwepesi wa kutoka baharini. Kwa safari ya visiwa vya Lamu maana yake ni wazi. Katika kaskazi, kwenda Kiwayu ni kupingana na upepo na kurudi ni kusukumwa. Katika kusi ni kinyume chake. Nahodha mwenye wageni wapya hupenda kaskazi, kwa sababu mwendo wa kupanda juu unaweza kukatwa vipande vifupi, watu wakishuka Manda, Pate na Siyu. Kurudi, watu wakiwa wamechoka na jua, chombo kinafungua tanga lote na kuteremka moja kwa moja. Katika miezi hiyo maji nayo huwa safi zaidi, na anayetaka kutazama matumbawe huona anachokitazama.

Masika, hasa Mei, nahodha mwaminifu atakuambia usije. Mvua ni nyingi, bahari imechafuka, na nyumba nyingi za wageni hufungwa. Anayekataa fedha yako kwa sababu hiyo mshukuru, kisha mrudie Novemba.

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo hesabu haiwezi kuimaliza, na hiyo niliiona Mkanda kwenyewe. Tulikuwa tumeshusha tanga, mashine ikivuma pole pole, mikoko imetubana pande zote mbili. Kijana alisimama omoni na upondo, anauchoma chini, anauinua, anatazama ulipolowa, anataja kina bila kugeuka nyuma. Nahodha alikaa tezi, mkono kwenye usukani, na nilipomtazama niliona hatazami mbele. Anatazama mikoko.

"Watazama nini, Mzee?" nikamuuliza.

"Gome, mwanangu," akasema. "Juu ya maji gome ni kavu. Maji yangali yanapanda. Siku utakayoliona limelowa juu ya maji, jua yameanza kushuka."

"Na yakishuka nasi tuko hapa katikati?"

"Tutakaa hapa hapa mpaka maji ya usiku. Ndiyo maana twaingia yakipanda, hatungoji yajae kabisa."

Maneno hayo yamebeba kanuni kubwa kuliko zote za bahari ya kina kifupi. Mtu asiyejua angedhani saa bora ya kupita ni ile maji yamejaa pomoni. Nahodha huingia mapema kidogo, maji yakiwa bado yana safari, kwa sababu akikwama wakati huo bahari yenyewe itakuja kumnyanyua baada ya muda mfupi. Akikwama maji yameshafika juu, kila dakika inayopita inampunguzia nafasi. Kwa hiyo saa ya kuondoka Amu hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma: maji yanajaa saa sita, Mkanda uingiwe saa tano, Amu itokwe mapema zaidi kulingana na mwendo wa chombo. Gome la mkoko linathibitisha yale yaliyohesabiwa barazani, na yakitofautiana, nahodha hufuata gome.

Rangi ya maji nayo husomwa. Kahawia yenye ukungu ni matope yaliyo karibu. Kijani kilichofifia ni fungu la mchanga. Kijani kilichokolea ndicho kinachofuatwa. Majani makavu yanayoelea yanaonyesha mkondo unaelekea wapi na kwa nguvu gani. Yote haya nahodha aliyafanya huku akiongea na wageni habari za bei ya kamba na harusi ya jirani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba wanapita mahali pagumu.

Ufundi wa pili uko katika kuvipanga visiwa vyenyewe. Mpangaji mzuri hujua kila mahali panataka nini. Takwa, mji wa kale uliomo Manda, hufikiwa kwa kijito kirefu cha mikoko, na kijito hicho kinataka maji. Kwa hiyo Takwa haiwekwi saa yoyote, huwekwa saa ya maji, pengine siku kabla ya safari ndefu, ili wageni waizoee mashua kwa mwendo mfupi. Pale watakuta msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la nguzo la karne ya 17. Wenyeji wa Takwa walihamia Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, na watu wa Shela hadi leo huvuka kwenda kuomba dua kwenye kaburi hilo. Anayejua hivyo huingia kwa adabu, akitambua kwamba magofu haya yana wenyewe.

Mji wa Pate unataka miguu. Pwani yake ni ya kina kifupi, kwa hiyo vyombo vingi hutia nanga Mtangawanda, penye kina, na watu wakatembea hadi mjini. Nahodha huwaambia mapema wavae viatu vya kutembelea na wabebe maji ya kunywa, wasije wakashuka na makubazi ya ufuoni. Ndani ya mji watakuta kuta za majumba ya kale, na katikati ya kuta hizo mashamba ya tumbaku. Siyu inataka muda. Ngome yake ya karne ya 19 imesimama kando ya kijito, na mji ulijulikana kwa wanazuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi. Wasiyu ndio walioyakatalia majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, miaka ya 1840. Mji kama huo hautazamwi chombo kikiwa kinasubiri kwa pupa. Karibu na Siyu kuna Shanga, ambako wachimbuaji waliokuwa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 walifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8. Aliyesimama Shanga huelewa kwamba njia anayopita imekuwa ikipitwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kiwayu inataka utulivu, ndiyo maana huwekwa mwisho. Ukianza na Kiwayu, Pate itaonekana joto na vumbi. Ukianza na Pate na Siyu, ukiwa umetembea na kusikiliza, Kiwayu inakupa mchanga na bahari mwili ukiwa unavihitaji. Mpango huu wa kutoka kwenye historia kwenda kwenye mapumziko sijausikia mtu akiufundisha kwa maneno. Manahodha huufanya tu.

Ufundi wa tatu ni wa mizigo. Siku moja kabla ya safari, mashua huandaliwa gatini na kazi hiyo inafaa itazamwe kwa subira. Farumi, uzito wa kutuliza chombo, hupangwa chini kwa mizani. Mitungi ya maji matamu hufuata, kwa sababu visiwani maji ni mali. Amu yenyewe hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visiwa vya mbele hukinga mvua kwenye majabia na kuibana hadi msimu mwingine. Mgeni anayeoga kwa ndoo nzima Kiwayu anaoga maji ya mtu. Kwa hiyo nahodha hubeba ya kutosha watu wake, na huongeza.

Kisha linapakiwa jiko. Ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, juu yake jiko la makaa, likawekwa mahali ambapo upepo wa tanga haulifikii. Gunia la makaa liko chini ya turubai. Mchele, unga, nazi, ndimu, vitunguu na viungo vinatoka Amu. Samaki hawapakiwi: mshipi utatupwa njiani, na kama bahari imekuwa na mkono wa birika, Kizingitini kuna wavuvi. Mpishi hujua ni saa ngapi chombo kitakuwa kimetulia nyuma ya kisiwa, na ndipo anapoweka sufuria ya wali. Hata chakula kinapikwa kwa ratiba ya maji.

Kitu cha mwisho kupakiwa, na cha kwanza kuulizwa na mgeni mwenye akili, ni vifaa vya kuokolea maisha. Siku hizi manahodha hupimwa na kupewa leseni, na vyombo hukaguliwa. Uliza leseni bila kuona haya, hesabu majaketi, na yawatoshe wote. Nahodha wa kweli hatakasirika, atakuonyesha kabla hujamaliza swali. Uliza pia hali ya usalama kwa upande wa Kiwayu na Kiunga, maana maji hayo yako karibu na mpaka wa Somalia, na kumekuwa na nyakati ambazo amri za kiusalama zimezuia safari. Nahodha akisema juma hili tuishie Faza, muishie Faza. Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama, na katika safari ya kwanza mgeni asitake kuwa nahodha wa pili.

Hapo tunafika kwenye fadhila ambayo naiona kubwa kuliko zote katika upangaji huu, nayo ni nafasi inayoachwa wazi. Mpango wa nahodha hauna siku iliyojaa hadi pembeni. Kama fundi cherehani anayekunja kitambaa cha ziada ndani ya pindo, huacha nusu siku hapa, usiku mmoja pale, ili upepo ukigoma kuwe na pa kupanulia. Usiku huo usipohitajika kwa dharura, mgeni anapewa kama zawadi: mnashuka kijijini, mnaangalia vijana wakiziba mianya ya mashua kwa pamba iliyolowekwa mafuta, au mnalala mapema. Ukihitajika, safari inaokoka. Kwa sababu hiyo nahodha husikitika akisikia mgeni ana ndege ya kurudi saa chache tu baada ya kutoka Kiwayu. Siku moja ya kukaa Amu kati ya chombo na ndege ni sehemu ya mpango, na anayeifuta ili kubana matumizi ameukata mpango mguu.

Hesabu hii ilijengwa na watu wa kazi muda mrefu kabla ya kuja kwa watalii. Maboriti ya mikoko yalishuka kutoka vijitoni kwa bamvua, yakapakiwa majahazini na kwenda na kusi hadi Arabuni, ambako nyumba nyingi zilijengwa kwa kipimo cha maboriti hayo. Mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba za nazi vilivyoundwa katika visiwa hivi hadi mwanzoni mwa karne ya 20, havikuwa na msumari, na mbao zake zilizoshonwa ziliweza kunyumbuka zikigusa fungu. Mvulana alianza kwa kufua maji chini ya chombo, akapandishwa omoni kushika upondo, akapewa demani, yaani kamba ya tanga, na miaka ikipita akaruhusiwa kugusa usukani. Mpaka hapo alikuwa ameyaona maji ya kila tarehe ya mwezi, katika kila msimu, mara nyingi kiasi cha kutohitaji kuyaandika. Anayekupangia safari ya siku nne anatumia elimu hiyo yote.

Mambo yanabadilika. Mashine imerahisisha kupingana na upepo. Simu inaonyesha saa za maji na nguvu ya upepo, na vijana wanaitumia, nami naona wanafanya vyema: jedwali la simuni na hesabu ya vidole vikikubaliana, moyo hutulia zaidi. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, imeleta meli kubwa katika ghuba ya Manda, na wavuvi wamelazimika kujifunza upya maji waliyoyajua. Katika kijiji cha Matondoni bado wanaunda na kukarabati vyombo kwa mkono. Ila kijana anayeweza kuendesha mashine siku yoyote, akipita njia ya nje kwa nguvu ya mafuta, hana sababu ya kulisoma gome la mkoko, na elimu isiyohitajika hufa bila kelele. Wageni wanaotaka kwenda kwa tanga, kwa njia ya ndani, kwa saa za maji, ni miongoni mwa wachache wanaoipa elimu hii mshahara. Hilo si jambo dogo.

Basi wewe unayepanga safari yako ya kwanza ya visiwa, iwe ni Lamu au ni Unguja, Pemba na Mafia, ambako bamvua na kaskazi hufuata kanuni hizi hizi, geuza mpangilio wa kazi yako. Kabla ya kulipia hoteli, kabla ya tiketi ya kurudi, mtafute nahodha. Mwambie una siku ngapi na unapenda nini, kisha muache akuchagulie tarehe. Akikuambia sogeza safari siku tano mbele, sogeza. Ukiwa kijijini vaa kwa heshima, amkia wazee, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na beba fedha taslimu, kwa kuwa benki ziko Amu mjini. Beba nguo chache, maji mengi, na kofia.

Na siku ya kulipa, usibishane naye kana kwamba unakodi mashua tupu. Mafuta, mchele na makaa vina bei inayojulikana sokoni. Kilichobaki ni malipo ya mtu aliyejua kwamba mwezi kumi ni bora kuliko mwezi kumi na tano, na hayo mlipe kwa ukamilifu.